Hisa za mgodi ambao haujachimbwa

Januari 10, 2018 kilima cha Ntaka, wilayani Nachingwea, hakikupungua kokoto hata moja. Nikeli iliyolala chini yake alfajiri ilikuwa palepale jua lilipozama. Ila siku hiyo serikali ilitoa kanuni mpya za haki za madini, zikafuta leseni zote za kuhodhi maeneo. Kampuni ndogo ya Australia iitwayo Indiana Resources ilikuwa na asilimia 62.4 ya mradi wa Ntaka. Wanahisa wake wakabaki na vyeti vya kampuni isiyo na mradi huo.

Kampuni haikufa. Iligeuka kampuni ya kesi. Ilipata fedha za mawakili kwa mfadhili wa mashauri, yule anayelipwa mkishinda tu, na akilipwa hujimegea pande nene. Shauri likafika kituo cha ICSID, kilicho chini ya Benki ya Dunia, na Julai 2023 baraza la usuluhishi likaiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109, riba ikiwemo. Tanzania ikaomba hukumu ibatilishwe. Pande mbili zikakaa mezani, na Julai 2024 zikakubaliana dola milioni 90, zitolewe kwa mafungu matatu: 35, 25 na 30. Kutoka kufutwa leseni hadi makubaliano ilipita miaka sita na nusu, na kabla ya mwanahisa kuona senti walitangulia mfadhili, mawakili na wenye ile asilimia 37.6 nyingine.

Ng'ambo ya mpaka, Kwale, kuna kilima cha Mrima. Wadigo wana kaya yao takatifu humo, na msitu wake ni wa hifadhi. Kampuni ya Cortec Mining Kenya, ambayo sehemu kubwa ilikuwa mali ya Pacific Wildcat Resources iliyoandikishwa kwenye soko la kampuni changa huko Kanada, ilipewa leseni maalumu ya kuchimba Machi 2013, wiki ileile ya Uchaguzi Mkuu. Miezi michache baadaye ikatangaza kwamba madini adimu ya Mrima yana thamani ya zaidi ya dola bilioni 60. Agosti leseni ikafutwa. Nao walikwenda ICSID, wakidai zaidi ya dola bilioni 2, na Oktoba 2018 wakatoka mikono mitupu. Baraza liliona kwamba leseni ilitolewa bila idhini ya mazingira ambayo sheria iliitaka, kwa hiyo haikuwahi kuwa leseni halali. Hati ilikuwapo na ilikuwa na muhuri, lakini aliyenunua hisa Toronto kwa kuamini ule muhuri hakuwa na pa kulalamika.

Nimevitanguliza vilima hivi viwili kwa sababu mtu akiletewa habari za hisa za kampuni ndogo ya madini, huuliza kwanza kama madini yapo. Ntaka yapo. Mrima yapo. Swali hilo lingeweza kungoja. Linalotakiwa kutangulia ni muda ambao kampuni inaweza kusubiri, anayelipia kusubiri huko, na karatasi inayoiruhusu isubiri.

Ubao wa Soko la Hisa la Dar es Salaam umejaa benki, bia, saruji na sigara. Kampuni ndogo zinazotafuta madini kwenye ardhi yetu huandikishwa Sydney, Toronto na London, na wanaozinunua kwa wingi si mabenki makubwa. Ni watu binafsi, wengine wastaafu, wengine wafanyakazi wa kawaida wanaotenga kidogo kila mwezi, na siku hizi wamo Watanzania na Wakenya waishio huko, wenye akaunti za udalali kwenye simu zao. Mtoto wa Geita aliyeko Toronto akiona jina la kijiji cha nyumbani kwenye tangazo la kampuni, moyo humdunda. Hapo ndipo pa kupunguza mwendo.

Kugharimia shimo kwa matumaini si jambo geni kwetu. Chunya, Geita na Kahama, mwenye fedha hugharimia duara: hununua unga, maharage, dizeli, magogo na baruti, vijana wakaingia chini, na siku mwamba ukitoka viroba vinagawanywa mdomoni mwa shimo kwa fungu lililokubaliwa. Wapo waliojenga maghorofa kwa njia hiyo na wapo waliouza nyumba. Ila hata aliyepoteza alikuwa na nafuu tatu. Aliliona shimo. Alihesabu viroba. Na akichoka kutoa unga, fungu lake la viroba vilivyokwishatoka halipungui kwa sababu kaja mfadhili mwingine usiku. Mwenye hisa chache za kampuni ya Perth, Australia, hana hata moja kati ya hizo.

Nafuu ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo isiyozungumzwa. Kampuni ya utafutaji haiuzi dhahabu; bado haina dhahabu ya kuuza. Inachouza ni hisa zake. Mishahara ya wanajiolojia, dizeli ya mashine za uchorongaji, ada ya leseni, ofisi ya Masaki, tiketi za wakurugenzi, vyote hulipwa kwa kutoa hisa mpya. Tuchukulie kampuni ina hisa milioni 200 na wewe unazo 200,000, yaani asilimia 0.1. Kila mwaka inatoa nyingine milioni 60 ili iendelee kuishi. Baada ya miaka mitatu zipo milioni 380, na zako zilezile 200,000 sasa ni asilimia 0.053. Hukuuza hisa hata moja, lakini karibu nusu ya fungu lako imekwenda. Ili ubaki ulipokuwa, inabidi thamani ya kampuni nzima ikaribie kuongezeka maradufu, na hapo bado hujapata faida ya shilingi.

Tena hisa mpya haziuzwi kwa bei ya sokoni. Bei ikiwa senti 10, wanunuzi wakubwa huitwa pembeni wakapewa kwa senti 8, pamoja na hati ya kuwaruhusu kununua nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Wengi wao huuza hisa mara tu zinaporuhusiwa kuuzwa, wakabaki na hati ya bure. Wewe unayetazama simu unaona bei inashuka siku ambayo kampuni imetangaza habari njema, ukashangaa.

Kampuni inayoitwa leo TRX Gold, zamani Tanzanian Royalty Exploration, inafaa kutazamwa kwa hesabu hiyo. Inamiliki mradi wa Buckreef, Geita, kwa ubia na STAMICO, shirika la madini la serikali, 55 kwa 45. Mwaka 2011 wakia moja ya dhahabu ilifika takriban dola 1,900, na hisa ya kampuni hiyo huko New York iliuzwa kwa zaidi ya dola 5. Mwaka 2023 wakia ilikuwa hapohapo au juu kidogo. Buckreef ilikuwa imeshajengwa kinu na inamwaga dhahabu, jambo ambalo mwaka 2011 lilikuwa matarajio tu. Hisa moja ilikuwa chini ya dola 1. Sikatai kwamba bei ya 2011 ilipandishwa na shauku ya wakati ule. Lakini katikati hapo idadi ya hisa ilikuwa imeongezeka zaidi ya maradufu, na huwezi kuieleza hadithi ya Buckreef ukaliruka hilo.

Ipo karatasi moja ambayo ningemwomba kila anayetaka kununua aisome kabla ya kutazama picha za miamba. Australia, kampuni ya utafutaji isiyo na mauzo hulazimika kutoa kila robo mwaka taarifa ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Watu wa soko huiita 5B. Ni kurasa chache, hazina rangi, hazina ramani. Utaona kiasi kilichokwenda kwenye uchorongaji na kiasi kilichokwenda kwa watumishi na utawala. Hivi viwili viweke sambamba, maana ipo kampuni inayochimba zaidi mifuko ya wanahisa kuliko ardhi. Shuka hadi sehemu ya nane. Hapo hesabu imefanywa tayari: fedha zilizopo zigawanywe kwa matumizi ya robo iliyopita, jibu ni idadi ya robo ambazo kampuni inaweza kuishi. Jibu likiwa chini ya mbili, kampuni hulazimika kueleza kwa maandishi kama matumizi yataendelea hivyo, imechukua hatua gani kupata fedha nyingine, na kwa nini inaamini haitafunga. Ukiona 1.3 pale, jua kwamba hisa mpya ziko njiani, hata kama ukurasa wa mbele unazungumzia mwamba wa kihistoria. Aliye mwerevu husubiri uuzaji huo upite ndipo anunue.

Kanada hakuna fomu hiyo, lakini hesabu za kila robo zina maelezo ya kampuni yenyewe kuhusu shaka ya kuendelea na shughuli, pale shaka hiyo ipo. Soko dogo la London, AIM, linataka hesabu mara mbili tu kwa mwaka. Miezi sita ni mingi kwa kampuni inayoishi kwa robo mbili.

Sasa madini. Tangazo la uchorongaji lina lugha yake, na kwa aliyeizoea linasomeka kama risiti. Tuseme limeandikwa: mita 20 zenye wastani wa gramu 4.9 kwa tani. Wastani huo ni mzuri; migodi mingi ya wazi inaishi kwa gramu 1 au 2. Chini yake, kwa herufi ndogo, pana mstari unaosema: zikiwemo mita 2 zenye gramu 45. Chukua kalamu. Mita 2 mara 45 ni 90. Mita 20 mara 4.9 ni 98. Mita 18 zilizobaki zimegawana 8, yaani hazifiki hata nusu gramu kila moja. Hakuna mwamba wa mita 20 hapo. Upo mshipa mwembamba wa mita 2 uliopakwa juu ya mawe matupu. Kampuni haijasema uongo, na mshipa wa gramu 45 unaweza kuwa mali kwa anayechimba chini kwa chini. Lakini si mgodi wa wazi uliouona kichwani uliposoma kichwa cha habari. Na kama shimo lilipita kwa kulalia mwamba badala ya kuukata sawasawa, hata zile mita 2 si mita 2.

Baada ya mashimo mengi huja makadirio ya kiasi, nayo yana ngazi. Ya chini ni kiasi kinachodhaniwa tu kutokana na mashimo yaliyo mbalimbali, juu yake kinachoonyeshwa na mashimo ya karibu, kisha kilichopimwa. Hivyo vyote ni madini yaliyopo ardhini. Akiba ya kuchimbwa ni kitu kingine: ni sehemu ambayo wataalamu wamehesabu gharama, bei na njia ya kuchimba wakaona inalipa. Dola bilioni 60 za Mrima zilipatikana kwa kuzidisha madini yaliyokisiwa ardhini kwa bei ya sokoni, bila kutoa gharama ya kuyatoa, kuyasafisha, barabara, umeme wala kaya ya Wadigo. Nikiona thamani ya namna hiyo kwenye tangazo mimi huacha kusoma.

Udanganyifu wa wazi je? Upo, ingawa hauui wengi kama unavyoogopwa. Mkubwa kuliko wote ni wa Bre-X, kampuni ya Calgary iliyodai kugundua dhahabu isiyo na mfano Busang, kwenye misitu ya Kalimantan, Indonesia. Thamani yake sokoni ilifika dola za Kanada bilioni 6. Desturi ya uchorongaji ni kupasua nguzo ya jiwe iliyotolewa, nusu ikaenda maabara na nusu ikatunzwa ili mwingine aweze kupima. Bre-X ilisaga karibu yote, na watu wakapokea maelezo. Machi 1997 mjiolojia wake, Michael de Guzman, alianguka kutoka kwenye helikopta. Mei wakaguzi huru wakatoa ripoti: hakuna dhahabu ya maana, na chembe zilizopatikana kwenye sampuli zilitiwa kwa mkono. Nyingine zilikuwa za duara, zimelainishwa kama dhahabu ya mtoni. Mchenjuaji yeyote wa kwenye mialo ya Chunya angezitambua kwa macho, lakini mabenki ya Toronto hayakumwuliza mchenjuaji. Kanada ilitunga kanuni kali za utoaji taarifa za madini mwaka 2001, na tangu hapo kila makadirio lazima yatiwe saini na mtaalamu anayejulikana. Angalia kama mtaalamu huyo ni mwajiriwa wa kampuni au mtu wa nje.

Turudi kwenye ruhusa, maana ndiyo iliyowaangusha wa Ntaka. Leseni ya kuhodhi ilikuwa ya namna gani? Chini ya Sheria ya Madini ya 2010 ilitolewa kwa aliyegundua mbale lakini hawezi kuzichimba kwa wakati ule, kwa sababu ya bei, teknolojia au vikwazo vingine vya kiuchumi. Maana yake kampuni yenyewe ilikuwa imekiri kwa maandishi kwamba mradi haulipi bado. Nikeli iliyouzwa zaidi ya dola 50,000 kwa tani mwaka 2007 ilianguka chini ya 9,000 mwaka 2016. Serikali nayo ilikuwa na kero ya haki: maeneo makubwa yalikaa miaka bila jembe, leseni zikitumika kukusanya fedha za wanahisa ughaibuni, huku mchimbaji mdogo wa jirani akifukuzwa kama mvamizi. Mwaka 2017 Bunge likabadili sheria na aina hiyo ya leseni ikatoweka. Kero ilikuwa ya kweli, njia iliyotumika ikawa ghali. Kampuni ya Winshear, iliyokuwa na dhahabu kusini magharibi, nayo ilimaliza shauri lake kwa kulipwa dola milioni 30 mwaka 2023. Montero, iliyokuwa na madini adimu ya Wigu mkoani Morogoro, milioni 27 mwaka 2024. Ukijumlisha na za Indiana unapata milioni 147, fedha za walipa kodi ambao wengi hawajui Ntaka iko upande gani.

Kwa mwanahisa, fundisho la vitendo ni kusoma aina ya leseni, tarehe ya kuisha kwake na nani anaihuisha. Tangazo la kampuni huandika mradi kwa herufi kubwa na leseni kwenye kiambatanisho. Soma kiambatanisho.

Sheria yetu ya sasa ina kifungu ambacho naona wanahisa wadogo wa nje hawakizingatii vya kutosha. Kila kampuni yenye leseni ya kati au kubwa ya uchimbaji huipa serikali angalau asilimia 16 ya hisa bila malipo, na asilimia hizo haziwezi kupunguzwa. Kampuni ikitoa hisa mpya kumi au elfu kumi ili kujenga mgodi, fungu la serikali linabaki 16. Kama Mtanzania naliunga mkono hilo. Kama mnunuzi wa hisa natambua kwamba gharama yote ya kusubiri na kujenga inaangukia mabega yaliyobaki, na langu ni mojawapo.

Na kusubiri ni kurefu. Black Rock Mining ilikamilisha upembuzi yakinifu wa madini ya kinywe ya Mahenge, wilayani Ulanga, mwaka 2018. Desemba 2021 ikatia saini makubaliano na serikali, ikaundwa kampuni ya Faru Graphite kwa mgawo wa 84 na 16. POSCO ya Korea Kusini ikaingia kama mwanahisa na mnunuzi wa bidhaa. Benki yetu ya CRDB ikajiunga na benki za maendeleo za Afrika Kusini kupanga mkopo wa ujenzi. Mradi umefanya karibu kila kitu kinachotakiwa, na bado mwaka 2024 ulikuwa ukikusanya fedha za kujenga, wakati huo kinywe cha China kikiwa kimejaa sokoni na bei ikiwa chini. Simlaumu mtu hapo. Ndivyo biashara hii ilivyo hata pale watu waaminifu wanapofanya kazi vizuri, na fedha ya ada ya mtoto wa kidato cha tano haina subira ya namna hiyo.

Wapo waliovumilia mpaka mwisho. Shanta Gold iliingia soko la AIM London mwaka 2005. Mgodi wake wa New Luika, Songwe, ulianza kutoa dhahabu 2012. Ikanunua mradi wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, mwaka 2020, na Machi 2023 ikapata dhahabu ya kwanza kwenye mgodi wake wa Singida. Ilikuwa na migodi miwili inayofanya kazi na wa tatu ukiandaliwa. Ndipo ikaja ETC Holdings na ofa ya kununua kampuni nzima kwa pensi 13.5 kwa hisa, ikaipandisha hadi 14.85, na mwaka 2024 biashara ikaisha. Katika utaratibu huo wanahisa wanaotosha wakikubali na mahakama ikaridhia, asiyetaka kuuza naye hununuliwa. Hisa zake hutoka kwenye akaunti na pensi zikaingia. Machi mwaka uliofuata wakia ya dhahabu ilivuka dola 3,000, na Oktoba ikavuka 4,000. New Luika na Singida ziliendelea kuchimba, chini ya mmiliki mmoja.